Wazungu husafiri kutazama majani, Mama naye akataka!

Wiki hii tunatoka kidogo nje ya Bongo. Tunaruka mpaka Majuu, kwenye jimbo dogo la Marekani linaloitwa New Hampshire, na tunakwenda huko kutazama majani. Ndiyo, majani! Siyo ya chai, na siyo hayo mengine unayoyafikiria wewe mshikaji wa kijiweni. Majani ya miti, yakiwa bado juu ya mti, yanasubiri siku yao ya kuanguka.

Usicheke kwanza. Kule kuna watu wazima, wana akili zao timamu, wanaomba likizo kazini, wanajaza petroli, wanalala hoteli kwa bei ya kuruka, kisa tu majani yamebadilika rangi. Wenyeji wa huko wamewapachika jina la utani ambalo kwa lugha yetu ni "wachungulia majani". Barabara zinajaa kama Mbagala saa ya kutoka kazini.

Na niseme mapema kabisa ili asije mtu akanisuta: mimi mwenyewe Marekani sijakanyaga. Lakini safari moja ya aina hiyo niliipanga mimi, kuanzia siku ya kuondoka hadi mahali pa kunywea chai, nikiwa chumbani kwangu Sinza, juu ya kitanda, kwa bando la kuungaunga.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2023 mwezi wa nane Mama alikwenda kumtembelea dada yangu mjini Lowell, jimbo la Massachusetts. Lowell ni mji wa viwanda vya nguo vya zamani, upo kando ya mto Merrimack, na Wakenya wamejaa kweli kweli, kiasi kwamba unga wa ugali unanunua dukani bila shida. Dada anafanya kazi ya kulea wazee. Kazi yenyewe ni ya shifti, akitoka hapa anaingia pale, usingizi anaupata kwenye basi.

Mama na dada walikuwa hawajaonana kwa miaka 12. Katikati ya hiyo miaka, mwaka 2019, baba yetu alifariki. Dada hakuja kuzika. Makaratasi yake ya kuishi kule yalikuwa hayajakaa sawa, angetoka asingerudi, na yeye ndiye aliyekuwa analipa hospitali ya huyo huyo baba. Mama alisema ameelewa. Lakini msomaji, wewe pia una mama, unajua kuna kuelewa na kuna "nimeelewa".

Basi Mama akafika, wakakumbatiana, wakalia kidogo uwanja wa ndege, na kesho yake dada akaingia kazini. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia. Kila nikipiga simu Mama ananijibu, "Mimi nipo tu hapa, nimewekwa ndani kama gunia la stoo." Dada naye akipiga ananiambia, "Mdogo wangu, Mama haongei. Anakula, anasali, anaangalia dirishani."

Ni hapo dirishani ndipo mambo yalipoanzia. Siku moja Mama akamwuliza dada, "Ule mti pale ng'ambo ya barabara unaumwa? Mbona upande mmoja umekuwa mwekundu?" Dada akamweleza kwamba mti hauumwi, ndio majira yenyewe yanaanza, na watu wengine huenda hadi milimani kuyaona yakiwa msitu mzima. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Basi nami nipeleke nikaone."

Dada alinipigia usiku huo huo huku sauti inatetemeka. Katika siku zote alizokaa pale, hicho kilikuwa kitu cha kwanza Mama kukiomba. "Wewe si ndiye uliyekuwa unajifanya bingwa wa jiografia? Haya, nipangie. Nina ofu za siku mbili mbili tu, na tiketi ya Mama ni tarehe 14 Oktoba."

Kweli, kidato cha nne jiografia ndiyo iliyoniokoa, mengine tusiyaongelee hapa. Nakumbuka kitabu chetu cha shule ya msingi kiliyaita majira hayo mapukutiko, na kamusi nyingine huyaita vuli. Sasa mtoto wa Dar ukimwambia vuli anawaza mvua na madimbwi ya Jangwani, hawazi majani. Mimi naona mapukutiko ndilo neno lenyewe, maana unausikia kabisa mti ukipukutika.

Kwa nini yanabadilika? Hapa nivumilie kidogo, ni utamu, siyo darasa. Rangi ya kijani kwenye jani inatokana na klorofili, ndiyo inayotumia jua kuupikia mti chakula. Siku zikianza kuwa fupi na baridi kubisha hodi, mti unaona hakuna faida ya kuendelea na jiko. Unaacha kutengeneza klorofili, iliyopo inavunjika, kijani kinaondoka. Kumbe chini yake kulikuwa na manjano muda wote, imefichwa tu! Manjano hiyo ni ya jamii moja na rangi ya karoti na ya mawese ya Kigoma. Wekundu ndio wenye maringo, wenyewe unatengenezwa upya wakati huo, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na ni wa ukoo ule ule wa wekundu wa juisi ya rozela. Ili uwe mkali unataka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Joto likizidi unapooza.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Toka nje utafute mkungu, ule mti wa kungu tulizokuwa tukizigonga kwa mawe tukiwa watoto. Utaona majani yake yanageuka mekundu ya damu ya mzee kabla ya kuanguka, hapa hapa Dar, na hakuna anayelipa hoteli kwa ajili yake.

Haya, turudi kwenye mpango. Ugumu wa safari hii ni kwamba rangi haikai mahali pamoja. Inaanza kaskazini na vileleni mwishoni mwa Septemba, halafu inashuka kusini na mabondeni kidogo kidogo. Ukiwa Boston au pwani utaipata mwishoni mwa Oktoba, wakati huko milimani miti imeshabaki vijiti. Kila sehemu ina wiki yake moja hivi ya kuwaka, ukichelewa siku tano umeikosa, na upepo au mvua ya usiku mmoja vinaweza kukumalizia kazi. Serikali za majimbo zinatoa ripoti kila wiki kwenye intaneti, na ramani inayoonyesha wapi pamefikia wapi. Mimi niliisoma ile ripoti kuliko nilivyowahi kusoma matokeo ya mechi.

Dada alikuwa na nafasi mbili, Septemba 26 na 27, ama Oktoba 10 na 11. Yeye alitaka ya kwanza. "Kama mambo yakiharibika, tuna muda wa kujaribu tena," alisema. Hoja nzuri. Mimi nikakataa. Septemba ingekuwa mapema mno, wangekuta kijani kitupu na rangi ya kuokoteza. Isitoshe, Jumatatu ya pili ya Oktoba kule ni sikukuu, na kwa mwaka ule iliangukia tarehe 9. Wikiendi hiyo nchi nzima inahamia milimani, vyumba havishikiki. Lakini Jumanne tarehe 10 wote wameshageuza kurudi makwao, barabara nyeupe, bei imeshuka. Nikamwambia dada tuchukue hiyo.

"Na mvua ikinyesha?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Kama ikinyesha, siku tatu baadaye Mama anafunga mabegi, na safari imekufa.

Mahali nako palikuwa na ubishi. Jimbo la jirani la Vermont ndilo lenye sifa. Huko miti ya mepo ni mingi, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na utomvu wake wanaukamua mwanzoni mwa machipuko na kuuchemsha. Lita 40 hivi za utomvu zinakupa lita moja ya asali yake, sasa wewe jipigie hesabu ya kuni. Vermont hata mabango ya matangazo barabarani walipiga marufuku tangu 1968 ili watu waone milima yao. Lakini Julai ya mwaka ule ule Vermont ilikumbwa na mafuriko makubwa, hadi mji wao mkuu wa Montpelier ulizama maji, na dada alikuwa na wasiwasi na barabara za kule. Tena kuna kijiji kimoja cha huko, Pomfret, msimu huo kilifunga barabara yake moja kwa wageni, kwa sababu wapiga picha walikuwa wanajazana kwenye shamba la mtu na kuziba njia. Nilipomsimulia dada alicheka, akasema, "Sitaki kumpeleka Mama mahali tukafukuzwe."

Ndipo tukaangukia New Hampshire, kwenye barabara namba 112 inayoitwa Kancamagus. Jina ni la kiongozi wa wenyeji wa asili wa maeneo yale, karne ya 17, mjukuu wa mkuu mwingine aliyeitwa Passaconaway. Kulitamka ni kazi, Mama yeye aliamua kuiita "barabara ya Kangamaji" na ikaishia hapo. Inatoka mji wa Lincoln hadi Conway, kilomita 56 hivi, karibu sawa na kwenda Mlandizi. Lakini siyo Mlandizi ile ya kupishana na malori. Inapita ndani ya msitu wa taifa wa White Mountain, inapanda hadi karibu mita 870, na katika kilomita zote hizo hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka, hakuna hata mama lishe.

Basi nikamwandikia dada maagizo. Waondoke Lowell saa 12 asubuhi, wapite Manchester na Concord, waikamate barabara kuu namba 93 hadi Lincoln. Pale wajaze tangi, tena wajaze kabisa, na Mama aende msalani. Chakula wabebe. Dada akakaanga kuku, akapika chapati kumi na mbili, chai ya tangawizi kwenye chupa. Nguo nzito, maana huko juu asubuhi baridi yake siyo ya Lushoto. Usiku wasiendeshe, kwa sababu kuna mnyama anaitwa moose, anafika karibu nusu tani na miguu yake mirefu kiasi kwamba ukimgonga mwili wote unakuja kwenye kioo. Kuna mabango barabarani yanaomba madereva wafunge breki wakimwona. Kulala walale North Conway, chumba dada alikipata kwa karibu dola 160. Nilipozigeuza kuwa laki nne za kwetu nikaona bora ningenyamaza.

Wikiendi ya kabla ya safari mvua ikanyesha! Jumamosi nzima. Nilikaa Sinza nikitazama picha za hali ya hewa ya nchi nisiyoijua kama mtu aliyepanda mpunga huko. Tena ripoti zikawa zinasema joto la mwanzoni mwa Oktoba limechelewesha rangi mwaka ule, sehemu nyingine imepauka. Nikaanza kujilaumu. Jumatatu ikapita kimya.

Jumanne, huku kwetu ikiwa alasiri (tunawatangulia saa saba kipindi kile), ujumbe ukaingia, "Tumejaza mafuta Lincoln. Mawingu yanaachia. Tunaingia." Halafu kimya. Kumbe jambo moja nilikuwa sikumwandikia dada, wala mimi sikulijua vizuri: kwenye ile barabara mtandao wa simu haushiki sehemu kubwa. Mimi hesabu yangu ilikuwa saa mbili, tatu, wawe wametokeza upande wa pili. Saa kumi na moja, hamna. Saa kumi na mbili, hamna. Magharibi ikaingia nikiwa nimeshamfikiria yule moose mara arobaini. Saa mbili na nusu usiku simu ikalia.

"We mtoto," dada aliniambia, "umetupeleka tukitazamana na jua uso kwa uso!"

Kweli bwana. Nilipanga kila kitu nikasahau kwamba asubuhi ukienda mashariki jua la Oktoba, ambalo kule huwa liko chini, linakuingia machoni. Dada aliendesha amekunja uso kama aliyelamba ndimu. Kwa hiyo wewe unayeniiga, ingia Kancamagus asubuhi kutokea upande wa Conway, jua liwe mgongoni. Lakini dada huyo huyo akaniambia kitu kingine, kwamba jani likipigwa na jua kwa nyuma linawaka lenyewe, kama kitambaa cha rangi kilichofunika taa. Mama alikuwa anaona msitu mzima uko hivyo, pande zote mbili, mekundu ya mepo, manjano ya ile miti yenye gome jeupe kama karatasi, kahawia ya mialoni, na katikati misonobari imekaa kijani chake, haina habari. Kule juu kileleni mengi yalikuwa yamekwisha kupukutika kwa ile mvua. Yaliyowaka yalikuwa chini, kuanzia kwenye maporomoko madogo yanayoitwa Sabbaday na kuendelea, kwenye daraja la mbao lenye paa la mwaka 1858. Mama aliuliza daraja linaezekwa la nini, mvua inaumiza daraja? Jibu ni ndiyo, mbao zisipofunikwa zinaoza.

Halafu ikawa kwenye kona moja kubwa yenye sehemu ya kuegesha magari. Mama akashuka, akajifunga khanga juu ya koti, akasimama muda mrefu. Akasema, "Mbona hii ni miombo?"

Dada akadhani baridi imemwingia kichwani. Lakini msomaji, Mama yuko sahihi kwa namna yake. Yeye ni mtu wa Sikonge, Tabora. Pori la miombo la kule, Septemba kwenda Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, linachipua majani mapya, na hayo majani mapya hayaanzi kijani. Yanaanza mekundu, ya shaba, ya rangi ya mvinyo, milima kwa milima, kisha ndio yanageuka kijani. Yaani kinyume kabisa na ya Marekani. Yale ya kule mekundu yanakufa, ya kwetu mekundu ndio yanazaliwa. Baba alikuwa mrina asali, na huo ndio ulikuwa wakati wake wa kupanda na mizinga porini. Mama alikuwa akimpelekea chakula.

Wakarudi ndani ya gari, wakamimina chai, na Mama akaanza kusimulia. Kuhusu baba porini, kuhusu baba hospitali, kuhusu siku ya kuzika. Dada naye akasema ya kwake. Gari limezimwa, simu hazishiki, hakuna wa kuwaita kazini. Walikaa pale zaidi ya saa mbili, ndiyo sababu mimi huku nilikuwa nakufa kwa presha. Walichoambiana hasa mpaka leo sijaambiwa, na nimeshauliza. Dada alinijibu, "Tuliongea." Mama alinijibu, "Chapati zilikuwa nzuri."

Kesho yake walirudi kwa njia nyingine, barabara 302 ya Crawford Notch, wakauona mlima Washington kwa mbali, wenye mita 1,917 na upepo wa matata, uliwahi kupimwa kilomita 372 kwa saa mwaka 1934. Wakapita Franconia, ambako kulikuwa na jabali lenye sura ya mzee, jimbo zima likajivunia, likawekwa hadi kwenye sarafu. Mwaka 2003 usiku mmoja wa Mei likaporomoka lote. Mama aliambiwa akatikisa kichwa, "Mzee wa watu kachoka."

Tarehe 14 akapanda ndege. Nilimpokea uwanja wa Nyerere, begi moja limejaa nguo za watoto wa jirani, na ndani ya kitabu chake cha nyimbo jani moja la mepo limebanwa, bado jekundu. Analo mpaka sasa, japo limeanza kuwa kahawia pembeni. Simu za Lowell siku hizi zinaanzia kwake, mimi napewa salamu za mwisho mwisho.

Sasa juzi kaniita. Akaniuliza hilo treni jipya la umeme linafika wapi. Nikamwambia linafika Dodoma, kisha tunaunga na basi hadi Tabora, halafu Sikonge. Akafungua pindo la khanga, akanihesabia nauli yangu na yake. "Wiki ya mwisho ya Septemba," alisema, "ukikosea tarehe shauri yako." Mwenzenu nimeshaanza kuwapigia wajomba simu kuuliza kama miombo imeanza. Mpaka jana wanasema bado.